Mashine Isikae Uchi

Siku kompyuta yangu inayopozwa kwa maji ilipoingia nyumbani, mama mkwe wangu aliizunguka mara moja, akashika kiuno, akauliza kama ni kweli ndani mna maji. Nikamwambia ndiyo mama, yanazunguka humo humo. Akasema, "Kwenu Singida watu wanafuata maji na punda. Wewe umeyafuata Morogoro ili uipe kompyuta." Kisha akaenda zake jikoni. Katika nyumba ile hizo ndizo zilikuwa pongezi, na mimi nilizipokea kwa mikono miwili.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Wapiga picha wanarekodi, mimi naletewa saa na saa za watu wakila. Namtoa mjomba aliyesinzia, namtoa shangazi aliyekatiza mbele ya kamera kuwahi pilau, namtoa MC anaposahau jina la bwana harusi kwa mara ya pili. Ya kwanza naiacha, inachekesha. Nikishakata na kuunga, kompyuta inatakiwa iachwe yenyewe kwa muda mrefu iyapike yote yawe video moja. Sisi wa kazi hii tunaita kurenda. Hapo ndipo kompyuta huchemka, na ndiyo maana nilitaka ya maji. Juu ya prosesa, yaani ubongo wake, kuna kipampu. Kinasukuma maji kwenye mipira miwili mpaka kwenye rejeta iliyolala juu kabisa ya boksi, na feni mbili zinapuliza joto lote litokee kwa juu. Ni rejeta kama ya gari, ila hii imesoma.

Tulikuwa tunakaa Bigwa, nyumbani kwa mama mkwe, mlima unaanzia nyuma ya banda la kuku. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu, na nyumba ile anaijua zaidi kwa simu. Kwa hiyo tulibaki wawili, mimi na mama yake. Wawili na vitambaa.

Jamani, vitambaa. Mama mkwe alifuma tangu usichana wake, kwa uzi mweupe na ile sindano ya kulabu, na kila kitu chenye mgongo nyumbani mle kilivikwa. Makochi yalivikwa, migongo na mikono. Televisheni ilivikwa. Friji ilivikwa. Redio iliyoacha kusema zamani ilivikwa kwa heshima ya utumishi wake. Mtungi wa gesi ulikuwa na gauni lenye marinda, ungeuona ungedhani unasubiri gari la sendofu, uagwe kwao kama bibi harusi.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilifanya ushujaa. Mama mkwe alikwenda sokoni, mimi nikavivua vyote, nikavifua, nikavikunja kabatini ili sebule ipate kupumua. Alirudi, akasimama mlangoni, akatazama. Alifunga mzigo akapanda mlimani, kwenye shamba la ukoo wao, maana kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama na mwanamke hakosi pa kurudi. Akakaa huko mpaka mume wangu alipomfuata pamoja na mjomba wake kwenda kumbembeleza. Waliposhuka naye, kila kitambaa kilikuwa kimerudi mahali pake, nimekipiga pasi, na mimi nimejifunza adabu. Tangu hapo tuliishi kwa shikamoo na marahaba, na chakula kiko mezani, na kesho Mungu akipenda.

Basi fikiria nilivyoshangaa siku mama huyo huyo aliponiachia chumba cha wageni, kile cha mbele chenye dirisha la kuangalia barabara, nifanyie kazi zangu. Na haikupita muda akaja na kitambaa. Alikuwa amekikunja mkononi. Maua meupe ya kufuma juu, na chini amekishonea bitana ya kitenge kizito. "Vumbi lisipite," akasema. Akakitandaza juu ya boksi la kompyuta, akapapasa pembe zote nne na kuzivuta zikae sawa. "Mashine isikae uchi."

Nilikwenda chooni nikalia. Sioni haya kusema. Miaka yote ile nilikuwa sijafumiwa hata cha kufunikia kikombe. Kile kitambaa kilikuwa kinaniambia kwamba sasa na mimi ni mtu wa nyumba ile, na ningemng'ata mkono yeyote ambaye angekigusa.

Ndipo kompyuta ikaanza kuzimika.

Ilichagua wakati mzuri sana. Nilikuwa na harusi moja kubwa mkononi, na siku ya kuivunja kamati imeshapangwa, Jumamosi. Harusi zetu haziendi bila kamati ya kuchangisha na kupanga, na kamati haivunjwi hivi hivi tu. Inafanyiwa sherehe yake, wanakula, wanapongezana, na wanatazama video wahakikishe kila mmoja ameonekana. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mwenye sauti ya gwaride. Alinipigia kila asubuhi. "Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, video iko wapi?" Video ilikuwa inafika katikati, feni zinapiga kelele, kioo kinakuwa cheusi, kimya. Naiwasha. Inafika katikati. Kimya.

Nikamwita fundi kompyuta kutoka mjini. Alikuja kwa bajaji, miwani ya jua kichwani, begi mgongoni, na uhakika. Uhakika alikuwa nao mwingi, angeweza hata kuuza wa ziada. Alimwamkia mama mkwe vizuri, hilo simnyimi. Na kabla ya kufungua boksi alikikunja kitambaa kwa adabu, akakiweka kitini. Akamulika ndani kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kama daktari aliyeitwa amechelewa. "Dada, hapa tatizo ni krimu."

Kuna krimu fulani ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kile kipampu ili joto lipite. Akaifuta ya zamani, akapaka mpya kwa ukarimu wa mtu anayepaka mkate usio wake. Akaijaribu kompyuta ikiwa wazi vile vile, nayo ikarenda kipande kirefu bila hata kukohoa. "Si umeona?" Nimeona, bwana. "Hii ndiyo basi tena." Tukafunga boksi. Nikakitandaza kitambaa mimi mwenyewe, nikavuta pembe zote nne. Fundi akaondoka na miwani yake. Sijui kama bajaji ilikuwa imeshafika hata lami, kompyuta ikazimika.

Nilimpigia simu, akaniambia niipe muda krimu ikae. Nikawapigia dada zangu Singida, nikawasimulia. Nikamwiga anavyoshika miwani, nikamwiga "dada, hapa tatizo ni krimu", mpaka dada mkubwa akaniomba ninyamaze, mbavu zimemuuma. Kesho yake nikawasimulia tena, maana mume wa dada alikuwa hajasikia. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale mlangoni pa chumba, kwenye mkeka wake, anapukuchua mahindi.

Mume wangu aliposikia akasema nimekosea tangu mwanzo. Rejeta ni rejeta, nimwite fundi wa rejeta. Naye ana rafiki yake gereji. Mume wangu anaamini kila kitu chenye maji na feni ni lori ambalo halijakua. Basi rafiki akaja, mtu mzima wa heshima, mikono imelowa girisi ya miaka. Akakitoa kitambaa kwa ncha za vidole viwili asikichafue, akakiweka kitini, akaomba aonyeshwe mfuniko.

"Hauna mfuniko," nikasema.

"Maji unaongezea wapi?"

"Hayaongezwi. Yamefungiwa kiwandani."

"Ina maji na haifunguki?"

"Haifunguki."

Akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyetapeliwa. Kisha akafanya alichoweza. Akalaza boksi ubavu, akaliinua, akalilaza upande wa pili, akategesha sikio. Tukasikia maji yakilia koro koro kwenye mipira. "Hewa hiyo," akasema. Ilisikika vizuri mno, hata mimi nikaamini. Akaijaribu ikiwa imelala ubavu hivyo hivyo, ikaenda kama imeajiriwa jana. Akanawa mikono, akala ugali wetu, akamuaga mama. Nikaisimamisha kompyuta, nikaivika nguo yake. Inafika katikati. Kimya.

Hapo nikaingia kazini mwenyewe. Nilisoma mtandaoni mpaka macho yakauma. Wataalamu wakasema nitege sikio kama pampu inanguruma; nikatega, inanguruma. Wakasema nishike mipira miwili: mmoja ukiwa wa moto na mwenzake wa baridi, maji hayazunguki. Nikashika. Yote miwili ilikuwa ya moto, kwa hiyo maji yalikuwa yanazunguka vizuri tu, ila yanakwenda kwenye rejeta na moto na kurudi na moto wake wote. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini rejeta haitoi joto. Mimi niliuliza bei ya kompyuta nyingine.

Jawabu lilikuja Alhamisi, siku ya kufua vitambaa. Mama mkwe alivikusanya vyote, na cha kompyuta kikiwemo, akavifua, nikamsaidia kuvianika. Nikaanzisha kurenda bila matumaini yoyote, nikaenda kumenya viazi. Niliporudi kazi ilikuwa imeshavuka katikati. Kile kipimo cha joto kwenye kioo kilikuwa kimetulia. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na fundi wa hewa, nikawa najiandaa kumpigia mume wangu nikiri kwamba lori ni lori.

Mchana mama mkwe akaja na kitambaa kikavu, kina harufu ya jua. Akakitandaza. Akapapasa pembe nne, akavuta, akaondoka. Nami nimekaa palepale mbele ya kioo, natazama. Kipimo kikaanza kupanda. Kikapanda, kikapanda. Nikainua pembe moja ya kitambaa, hewa ya moto ikanipiga usoni kama nimefunua sufuria. Kipimo kikashuka. Nikarudisha. Kikapanda. Nikainua. Kikashuka.

Lahaula! Krimu, hewa, pampu, mafundi wawili, ugali wa watu, na mchawi mwenyewe kakaa juu ya rejeta amevaa maua meupe! Kila fundi alikuwa anamtoa, anamweka kitini kwa heshima, kompyuta inapona; kisha mimi kwa mikono yangu namrudisha na kumvuta pembe. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika meza.

Halafu kicheko kikakatika. Kwa sababu sasa nilijua, na kujua kulikuwa kubaya zaidi. Nitamwambiaje? Mama, ule upendo wako wa kwanza kwangu ndio unaoua kazi yangu? Nilimuona kabisa akifunga mzigo. Na safari hii mjomba wa kwenda kumbembeleza alikuwa ameshafariki.

Nikajaribu ujanja wa kukitoa kimya kimya na kukiweka kitini. Hazikupita dakika nyingi, mama akaingia kuniuliza habari ya chumvi, akapitisha mkono juu ya boksi, akakuta hamna kitu. Akapapasa kiti, akakipata, akakitandaza. Akatoka, nayo kompyuta ikazimika. Wakati ule nilidhani mama ananikagua kama nimefuta vumbi. Na usiku nao sikuweza kufanya kazi, wiki ile umeme ulikuwa unakatika tukishakula tu.

Nikampigia mume wangu.

"Mwambie tu," akasema. "Mama yangu muelewa."

"Mwambie wewe basi, ni mama yako."

"Haloo? Haloo? Huku mtandao unasumbua." Akakata. Ni mwanaume hodari sana yule, anashuka na lori mlima Kitonga bila wasiwasi.

Asubuhi ya Ijumaa mwenyekiti akapiga. Kamati nzima ina hamu, ukumbi umeshalipiwa, projekta imeshaazimwa. Nikamwambia mzee asiwe na shaka. Nilipokata simu nilikuwa na mpango tayari, na niliuona ni wa akili sana. Kinachoziba hewa ni ile bitana ya kitenge. Sehemu ya kufuma ina matundu yake, inapumua. Basi mama akitoka, nitaifumua bitana, kitambaa nitakirudisha mahali pake, kwa juu kinaonekana kilekile, na hakuna atakayejua. Amani inabaki, video inatoka.

Alasiri alikwenda kwenye darsa ya akina mama msikitini. Darsa ni fupi kuliko harusi, lakini nilianzisha kurenda, kompyuta ikiwa uchi kama ilivyozaliwa, nikakaa chini karibu na dirisha na wembe. Nikafumua upande wa kwanza. Nikafumua wa pili. Kitenge kikaachia, nikakiinua kitambaa kwenye mwanga nione hewa itapita wapi.

Katikati palikuwa na ua moja zuri, majani yake yote yamekaa sawa. Baada ya hapo, balaa. Tundu la kupitisha ngumi. Mafundo matatu mahali pamoja. Ua lililoanza halikuisha, na jingine limeota juu ya mgongo wa mwenzake. Pembeni uzi ulikuwa umekwenda, umerudi, umejisokota kama aliyefuma alikuwa anakimbizwa. Kwa juu sikuwahi kuyaona haya, kwa sababu kitenge chenyewe kilikuwa cha maua ya kila rangi na makosa yote yalizama humo.

Mungu anisamehe, damu ilinichemka. Nilikikumbuka kile cha televisheni, hakina kasoro hata moja. Cha friji, hakina kasoro. Mtungi wa gesi umevalishwa marinda ya kuhesabika, halafu mimi ndiye wa kufanyiwa kazi ya kulipua? Na mimi nikaenda chooni kulia kwa ajili ya hiki? Nikafikiri, kumbe. Kumbe bitana ilikuwa ya kufunika dharau, na mimi mjinga nimeteseka mpaka nimebembeleza rejeta ili nisimuudhi mtu aliyenifumia kwa mguu.

Sikumsikia akiingia. Nilishtukia amesimama ndani ya chumba, mtandio bado kichwani. Sikumpa hata shikamoo. Nilisimama na kile kitambaa, nikakitandaza mbele ya uso wake, karibu kabisa, mwanga wote wa dirisha unapita kwenye matundu.

"Mama," nikasema, "hiki nini?"

Akageuza kichwa kidogo, kama anayesikiliza. "Nini nini?" akasema. "Nimesikia uzi unakatika. Unafumua nguo?"

Mikono yangu ikashuka yenyewe. Macho yake yalikuwa yanaangalia pazia.

Akanyoosha mkono, akanipata bega, akashuka na mkono wangu mpaka kwenye kitambaa. Vidole vyake vikatembea. Vilipofika kwenye lile tundu kubwa vikasimama. "Umetoa bitana," akasema, akatafuta kiti, akakaa.

Nilikaa chini miguuni pake. Alinieleza bila kupandisha sauti. Jicho la kulia ni ukungu, la kushoto giza, na halikuja siku moja. Kile kitambaa alikifuma kwa kupapasa, na alijua anakosea, vidole vilimwambia. Angeacha, lakini alikuwa ameshaahidi moyoni kwamba na mimi nitapata cha kwangu kabla macho hayajafunga kabisa. Ndipo akachagua kitenge chenye fujo nyingi, jirani akamshonea, ili nisione. "Ni cha mwisho hicho," akasema. "Hakuna kingine."

Nilitamani ardhi ya Bigwa yote ipasuke, na mlima wake.

"Na wewe bitana ilikukosea nini?" akauliza.

Nikamwambia ukweli wote. Rejeta, feni, joto linavyotokea juu, mafundi walivyokuwa wanakiweka kitini.

"Kwa hiyo siku zote hizi kitambaa changu ndicho kinachoizima? Na wewe unaita mafundi unawapikia ugali?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini?"

"Usije ukafunga mzigo ukapanda mlimani."

Akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Mlimani," akasema. "Njia nitaiona?"

Nilimshika magoti. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini mwanawe hajui, kwa nini hatujakwenda hospitali, pengine ni ugonjwa wa mtoto wa jicho tu na wanautoa, watu wanatolewa kila siku. Nilisema mengi, kwa haraka, kama ninavyosema siku zote. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Nilikuwa naogopa mdomo wako," akasema.

Alilisema taratibu, bila ugomvi. "Fundi yule kijana umemsema kwa dada zako wiki nzima. Umemwiga mpaka nami nimecheka, nimekaa pale mlangoni na mahindi yangu nacheka. Yule mtu mzima wa gereji naye umemsema, na mfuniko wake. Mwenyekiti wa watu umemsema. Nikajiambia, hawa ni watu wenye macho yao na kazi zao. Mimi ikijulikana siku hizi nachambua mchele kwa kuotea, nitasemwaje?"

Uso uliniwaka, nikaona aibu ya kweli, ile inayokufanya utamani kuvua ngozi. Nyuma yetu kompyuta ilikuwa inakwenda polepole, haina wasiwasi wowote, na video ya watu ilikuwa inakaribia kuisha.

"Jumatatu tutakwenda hospitali," nikasema.

"Tutakwenda."

"Na mwanao nitamwambia leo."

"Mwambie wewe. Mimi naona haya." Akakishika kile kitambaa mapajani, akakikunja mara mbili, akakikunja tena. Kisha akaniuliza, na sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia kwake, "Utanisema?"

"Sikusemi, mama."

"Hata kwa dada zako kwenye simu?"

"Hata kwao. Wallahi."

Akanielekezea uso, ingawa si machoni hasa.

"Kidogo unaweza," akasema. "Usije ukapasuka."